Mbili za Uhakika

Juzi, kwenye duka la mbegu hapa Kitengela, mbele yangu kwenye foleni alisimama mkulima mmoja na bintiye. Binti alikuwa akicheza gemu kwenye simu.

"Baba, mpiganaji wangu amepanda kiwango," akasema. "Nichukue nguvu mbili za uhakika, ama nibahatishe? Nikibahatisha naweza pata sita, naweza pata sifuri."

"Chukua mbili," baba akajibu papo hapo. "Hizo uko nazo kwa mkono."

Zamu yao ikafika. Muuzaji akauliza, "Mzee, mbegu ya sukuma wiki kama kawaida?"

"Leo nipe nyanya."

Binti akainua macho. "Nyanya? Si msimu uliopita bei ilianguka mpaka tukazipea ng'ombe?"

Mzee akavua kofia, akaikunja. "Sukuma inatulisha. Lakini haiwezi kukupeleka chuo."

Sisi wa mshahara wa mwisho wa mwezi tunapenda kuwaambia wakulima kwamba wanacheza kamari. Hotuba yangu ilikuwa tayari, nikaimeza.

Binti akarudi kwenye simu, akabonyeza.

"Nimechukua mbili," akasema polepole. "Angalau mmoja wetu awe nazo."