Sekunde Mbili za Nyangi

Nyangi ni mpishi wa shule ya chekechea nje kidogo ya Awendo, na kila asubuhi kabla ya kuwasha moto wa uji huwavusha watoto barabara. Kazi hiyo hakupewa na mtu. Alijitwika mwenyewe siku lori la miwa lilipochomoza kwenye kona likapita karibu na mtoto mmoja hata kofia yake ikapeperuka.

Ana miaka arobaini na mitatu, na kila Jumamosi yuko darasani na watu wazima wenzake, mbele ya Mwalimu Onyancha. Waliocheka walicheka, eti mama mzima na fizikia. Lakini siku alipofundishwa kwamba ukijua umbali na ukijua mwendo, wakati unajitokeza wenyewe nawe hujatoka kwenye kiti, aliduwaa. Loo, mbona hakuna aliyemwambia jambo hili miaka yote hiyo?

Basi mwalimu mkuu wa chekechea alipouliza kama kivuko kihamishwe, Nyangi akasema ngoja nipige hesabu. Kutoka kwenye kona hadi kivukoni alihesabu hatua tisini. Huku kwao hatua ya mtu mzima huhesabiwa kuwa mita moja. Marehemu baba mkwe wake alipima mashamba ya miwa hivyo na hakuna aliyebisha. Shemeji yake Willis, dereva wa lori, akamwambia kwamba kwenye mteremko ule wao huenda kilomita hamsini na nne kwa saa. Hizo ni mita kumi na tano kila sekunde. Tisini ukigawanya kwa kumi na tano unapata sita, na mtoto huvuka kwa sekunde tano. Mwalimu Onyancha akatia alama ya vema, Nyangi akatangaza kwamba kivuko kibaki palepale.

Jumatatu akasimama na simu mkononi, kwa raha tu, aone hesabu ikitimia. Lori likachomoza, akabonyeza, likampita, akabonyeza. Sekunde nne. La pili, nne na kidogo. La tatu, vilevile. Na watoto walikuwa ng'ambo wakingoja awaite.

Akawaambia wasisogeze hata unyayo. Kwanza alimshuku Willis, akampigia simu, naye akaapa kwamba mwendo ni uleule. Sasa sekunde mbili zimekwenda wapi? Akaazima utepe wa fundi cherehani, akalowesha miguu, akatembea kwenye saruji ya veranda kama anavyotembea siku zote, kisha akainama kupima kutoka unyayo hadi unyayo.

Sentimita sabini. Baba mkwe alikuwa mrefu kama nguzo ya stima. Yeye Nyangi, Mungu alimpa kimo cha kadiri. Tisini mara sabini ni mita sitini na tatu. Akagawanya kwa kumi na tano, akapata nne nukta mbili.

Aliketi palepale kwenye saruji, machozi yakimlengalenga. Hofu ilikuwepo, kweli, lakini zaidi ya hofu alishangaa. Barabara haikuwahi kusoma daftari lake, na bado ilikuwa imemrudishia jibu lilelile, hadi nukta. Akainuka, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu.

"Mwalimu, nilikosea," akamwambia. "Hatua yangu si mita. Kivuko kihame leo."

Kikahamishwa mbali zaidi, hatua mia moja na hamsini za Nyangi kutoka kwenye kona, yaani mita mia moja na tano. Asubuhi iliyofuata njia ilikuwa nyeupe pande zote, akampa ishara mtoto wa kwanza, na mtoto alipotia tu mguu barabarani, lori likachomoza. Nyangi hakupiga kelele. Alihesabu. Kwenye tano mtoto alikuwa keshafika nyasini, akimtazama. Sita. Saba. Ndipo lori likapita.