Wino Utatoka

Januari hii nimempeleka binti yangu kuripoti gredi ya kumi huko Thika, katika shule ileile niliyosoma mimi, na nikuambie ukweli, rafiki yangu, sikutaka. Nilimtajia shule nyingine tatu. Lakini yeye amechagua mambo ya sanaa, na shule iliyomwita ni hiyo. Basi tukabeba boksi la chuma, ndoo, na godoro lililofungwa kwa kamba ya manila, tukapanga foleni na wazazi wengine nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Foleni ikasonga, nikainua macho, nikamwona ukutani.

Bado yuko. Vumbi limeingia ndani ya kioo na karatasi imegeuka rangi ya chai, lakini ni yeye: kitambaa cha kichwani, paji la uso, macho yanayokufuata ukienda kulia na yakakufuata ukienda kushoto, pua. Chini ya pua hakuna kitu. Ni miraba mitupu ya penseli tu, kama daftari la hesabu ambalo mtoto hajaliandika. Naibu wa mwalimu mkuu, mtu mchangamfu wa tai nyekundu, akaona ninatazama, akaanza kutuelezea sote. "Msichana wetu wa zamani alimchora mama yake, akaacha hapa chini wazi makusudi. Anatuambia mapenzi ya mama huwezi kuyamaliza kuyachora." Wazazi wakasema aaah. Mmoja akapiga picha kwa simu. Binti yangu akaninong'oneza, "Mum, mbona hii mama haina mdomo?" Nikamwambia anyamaze, asogeze ndoo.

Sasa keti nikueleze kwa nini hana mdomo. Mimi ndiye ninayejua.

Siku hizo upepo ukivuma kutoka upande wa viwandani, shule nzima ilinuka mananasi yanayochemshwa, utamu mzito uliokufuata mpaka bwenini, na sisi tukiwa na sahani za githeri, mahindi na maharagwe yenye wadudu. Kengele yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa. Asubuhi tulipiga deki tukiwa na usingizi, maji baridi yakitukata vidole, halafu tukaenda darasani na mikono iliyokufa. Siku za sanaa peke yake ndizo nilizozisubiri. Chumba cha sanaa kilikuwa karakana ya zamani nyuma ya jiko, chenye harufu ya rangi na sukuma wiki, na mwalimu wa sanaa alikuwa mama mwembamba aliyevaa sweta moja muhula mzima na hakujua kusifu mtu bure. "Usinichoree kitu hukipendi," alikuwa akisema. "Nitajua. Nitakurudishia mbele ya watu."

Tulipofika kidato cha tatu, muhula wa pili, akatupa kazi ya kupeleka kwenye maonyesho: kila mmoja achore mtu au kitu anachokipenda. Haki tulicheka. Mmoja alichora chapati. Chapati tu, kwenye sahani, na yale madoadoa yake ya kuungua, na ukiitazama njaa inakushika. Mwingine alichora ng'ombe wa baba yake na kuandika jina lake chini kwa herufi kubwa, ng'ombe asije akadhaniwa ni mwingine. Kuna mmoja alichora mhubiri kijana wa kanisa lao, na sote tulijua si Neno lililompeleka kanisani. Msichana mmoja aliyetoka Kakamega alichora miguu ya mama yake, magoti kwenda chini, kwa sababu alisema amekaa katikati ya hiyo miguu akisukwa nywele maisha yake yote, na uso wa mama hakuwa akiuona.

Mimi nilikuwa kiongozi wa sanaa. Ufunguo wa kabati ulining'inia shingoni na nilitembea nao kama matroni. Nilichora mama yangu, ambaye alikuwa hai na mzima huko Kalimoni akiuza maziwa, nikitumia picha ndogo ya pasipoti. Njia yenyewe mwalimu alitufundisha: unaigawa picha kwa miraba midogo, unachora miraba mikubwa kwenye karatasi, kisha unahamisha mraba mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyenishinda kwa kupima. Mwalimu akasimama nyuma yangu, akatazama, akasema, "Umepima vizuri. Lakini huyu ni mama wa kitambulisho."

Darasa likaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo mpaka namaliza shule niliitwa Kitambulisho. Hata wapishi waliniita hivyo wakinipakulia.

Jirani yangu wa deski hakucheka. Ningependa kukuambia alicheka, ningepata pa kushika nijitetee. Alikuwa msichana mkimya wa Gatongora, kule Ruiru, aliyelelewa na shosho yake, bibi mzaa mama, kwa sababu mama yake alikufa kabla yeye hajajua kusema mama. Picha zao zote zilikwenda na moto ulioteketeza vyumba walivyopanga. Ilibaki moja tu, ambayo shosho alikuwa ameiweka ndani ya Biblia, na Biblia ilikuwa kanisani pamoja naye siku hiyo. Picha ya studio, ukubwa wa kiganja, inayong'aa: mwanamke kijana amefunga kitambaa, anacheka na mwenye kamera. Shosho alimwazima kwa sharti moja, kwamba airudishe Jumapili ya wazazi kututembelea. "Sijui sauti yake," jirani yangu aliniambia akiifungua kutoka kwenye leso. "Najua hii tu."

Akaniuliza atachoraje miraba. Penseli huteleza kwenye picha inayong'aa, haishiki. Kwa kazi hiyo mwalimu alikuwa na karatasi ya nailoni, unailaza juu ya picha, unachora mistari juu yake, picha haiguswi. Nailoni ilikuwa moja shule nzima na ilikuwa kabatini mwangu, safi kabisa, ndani ya gazeti.

Nilimwambia imeraruka.

Nikamwambia atumie biro. "Chora tu mistari juu ya picha, ukimaliza utapanguza na spiriti ya maabara. Wino utatoka." Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikaapa, "Haki ya Mungu, utatoka." Na usidhani nilibahatisha, rafiki yangu. Kidato cha pili nilikuwa nimejaribu mwenyewe kwenye picha ya arusi ya binamu yangu, na spiriti ikala mkono wa bibi arusi wote. Nilijua. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita mwenye ufunguo shingoni na jina la Kitambulisho, na nilijua.

Akachora mistari kwa biro nyekundu, kwa uangalifu mwingi, rula imeshikwa kwa mikono miwili. Kisha akaanza kuhamisha, kutoka juu kuja chini. Wiki ya kwanza kitambaa na paji. Wiki ya pili macho. Macho hayo ndiyo yaliyoniua. Mwalimu aliyaona akaketi, mtu ambaye hatukuwahi kumwona ameketi, akasema polepole, "Huyu anapumua." Akabandua mama yangu pale mbele ya darasa, akabandika karatasi ya jirani yangu ambayo hata haijafika nusu. Mama yangu nikakabidhiwa amekunjwa. Nilimweka chini ya godoro, na usiku nililala juu yake kwa hasira.

Jumapili ya wazazi ikakaribia na yeye amefika puani. Jumamosi akaogopa. Hangeweza kumpa shosho picha yenye mistari myekundu usoni, ikabidi aifute kwanza, ile nusu iliyobaki angeimalizia baadaye akiazimwa tena. Akanijia nyuma ya bweni tulipokuwa tunafua. "Ile spiriti," akasema. Nami nikaenda maabara, nikadanganya kwamba nimetumwa, nikamletea kwenye kifuniko cha chupa, na pamba nikampa. Ningeweza kusema ngoja. Nilikuwa na maneno mengi siku zote, kengele ya shule haikunishinda kwa kelele, lakini neno hilo moja sikulisema.

Alianzia chini, kidevuni na mdomoni, kwa sababu kicheko hicho ndicho shosho angekitazama kwanza na alitaka kuhakikisha pametakata. Pamba ikageuka nyekundu, akatabasamu, akaniambia, "Inatoka kweli." Akasugua mara ya pili. Pamba ikageuka kahawia. Alipoinua mkono, chini ya pua palikuwa peupe, pana ukungu, na kile kicheko kimebaki kwenye pamba.

Aliipuliza ile picha kama mtu anayepuliza kidonda cha mtoto. Aliipuliza muda mrefu. Mimi nikaendelea kufua soksi.

Kesho yake shosho akaja na kikapu, akatandika leso chini ya mkaratusi, akafungua mukimo wa viazi na mahindi, kuku, chapati na chupa ya chai yenye tangawizi. Mama yangu alikuwa amechelewa na maziwa yake, kwa hiyo shosho akaniita nikae nao. "Njoo kairitu, msichana wangu, kula, umekonda." Nikala. Jirani yangu akampa bahasha aliyoigundisha kwa uji na kumwomba asiifungue mpaka afike nyumbani, isiingie vumbi. Shosho akacheka, akaipasua papo hapo kwa kidole, apate kumsalimia binti yake.

Nimesikia watu wengi wakilia katika maisha yangu, nimezika, nimeuguza. Lakini sijasikia tena sauti kama ile ambayo ajuza yule aliuliza nayo, taratibu, bila hata kuinua kichwa. "Uuui. Nani amefuta mtoto wangu?"

"Ni mimi, shosho," jirani yangu akasema.

Hakunitazama. Hakuniambia kitu siku hiyo, wala kesho yake, wala mpaka tunamaliza kidato cha nne tukikaa deski moja, viwiko vikigusana. Shosho aliirudisha picha ndani ya Biblia, akapangusa mikono kwenye sketi, akanisukumia chapati nyingine. Nikaila hiyo pia. Ilikuwa laini, nzuri sana, yenye mafuta.

Karatasi yake haikumalizwa. Mwalimu alimsihi abuni mdomo, achore wowote, akakataa. Ikapelekwa kwenye maonyesho hivyohivyo, na mgeni wa heshima akasimama mbele yake akashika kidevu, akasifu ile miraba mitupu, akasema huu ni ubunifu wa hali ya juu. Ikawa ya kwanza. Zawadi yake ilikuwa boksi la rangi za maji, na shule ikaibakiza picha kwa sababu imeshinda, ikatiwa kioo. Hata hiyo nusu ya mama hakurudi nayo nyumbani.

Ndiyo hiyo niliyoikuta Januari. Nilimwacha binti yangu bwenini, nikarudi nyumbani, na wiki hiyo yote sikupata raha. Kwa sababu kuna jambo sijakuambia. Mimi naukumbuka ule mdomo. Nilikuwa nimeutazama siku nyingi kwa wivu, nikiupima kwa macho mraba kwa mraba, nikijua hataweza kuupatia. Mwanya mdogo kati ya meno ya juu. Mdomo wa chini unavutwa kidogo kushoto. Alama ndogo pembeni, ya kovu au ya ndui, sijui. Nikachukua penseli, nikachora, na ukatoka mara ya kwanza tu. Kwa mara ya kwanza maishani nikachora kitu kinachopumua.

Nikampelekea jirani yangu wa deski. Ana duka la kushona yunifomu hapo Gatongora, sweta za kijani zimening'inia mlangoni, na kioo kirefu cha wateja kujipimia. Amenenepa, ana miwani. Alinijua mara moja. "Kitambulisho," akasema, akanivutia kiti. Nilimweleza yote, nailoni, binamu yangu, spiriti, maabara. Aliendelea kushona upindo wa sketi mpaka ukaisha, akakata uzi kwa meno.

"Nilijua," akasema. "Muhula wa tatu niliona nailoni kwa kabati."

Nikampa karatasi. Akaitazama sana. Akainuka, akaenda mbele ya kioo, akaiweka kando ya uso wake na kufungua mdomo kidogo. Yeye hana mwanya. Akajaribu kuvuta mdomo wa chini kushoto. Akajaribu tena. Mteja aliingia na mtoto, akasimama, akatoka bila kuuliza bei.

"Shosho angejua," akasema. "Shosho tulimzika. Sasa mimi nitajuaje?"

"Ni yeye," nikamwambia. "Haki ya Mungu, ni yeye."

Akaikunja mara mbili, sawasawa, kingo kwa kingo, kama anavyokunja kitambaa, akanirudishia mkononi.

"Hata siku ile uliapa," akasema. Akarudi kwenye cherehani yake.

Ninayo hapa nikikuandikia. Harufu ya mananasi sijui kama bado hufika pale shuleni, mwalimu wa sanaa simjui aliko, mkaratusi walishaukata wakajenga choo. Shosho amekufa na binti yake wa kwenye picha hakumrudia kamwe. Waliompenda yule mwanamke hawana mdomo wake, hawataupata, hata nikiupiga chapa niubandike Ruiru nzima. Uko kwangu, ndani ya droo, unacheka, na mimi ndiye niliyemfuta.