Kitambaa cha Kiti cha Bibi Arusi

Maman Védastine wa Kamembe alikuwa akidarizi vitambaa vya viti tangu akiwa msichana Bukavu, na hakuna aliyewahi kuona fundo upande wa nyuma. Ndege wawili, ua katikati, KARIBU MGENI chini. Sebule ngapi hapa zimevaa ndege wake! Halafu akaja huyu Aurore, jirani, mwenye mshono unaokwenda upande kama mtu aliyelewa, na wateja wakaanza kuvuka barabara kwenda kwake.

Kilichomuuma zaidi ni Mutoni, mjukuu wake, aliyekuwa anaolewa. Kiti cha bibi arusi huvaa kitambaa kimoja tu, na mtoto akasema bila haya: "Koko, nitaangalia ya kwako na ya Aurore, halafu nitachagua."

Kuchagua! Damu yake mwenyewe!

Kesho yake kitambaa cha Aurore kilianikwa kwenye uzio. Védastine akajifanya anatafuta kuku. Akasoma polepole, herufi kwa herufi. Mwanamke amesimama na mwiko kando ya sufuria ya majani ya muhogo, chini maneno: CHERI, UKICHELEWA SOMBE ITAISHA. Akacheka kabla hajajizuia, kisha akageuka haraka kumwita kuku. Huyo wa kitambaani alikuwa Aurore mwenyewe, vile anavyompigia mume wake kelele mtaa wote usikie.

Basi naye akadarizi mwanamke na mwiko, ila badala ya sombe akaweka dagaa wa ziwani. CHERI, UKICHELEWA SAMBAZA ITAISHA. Akampelekea Mutoni, kidevu juu.

Mutoni akasoma, akafunika mdomo. "Koko, wewe ulimuita Mzee wako 'cheri' siku gani?"

"Unaseka nini? Angalia mushono!"

"Mushono ni ya kwako. Lakini mwenye anaongea humu ni Aurore."

Védastine akamnyang'anya kitambaa, akaondoka bila kuaga. Nyumbani akafumua mwanamke, mwiko na maneno yote, akimtukana Aurore, akimtukana Mutoni, hata marehemu Sibomana, mume wake, aliyekuwa akiitwa mezani anabaki ameinamia redio mpaka chakula kinapoa. Hapo mkono ukasimama. Kisha akadarizi sahani inayotoa moshi, na mgongo wa mwanaume. Ndege, hakuna. Chini akaandika: CHAKULA NI HIYO. SITASEMA TENA.

Mutoni alicheka mpaka akatoa machozi. "Sasa huyu ni Koko!" Akakitandaza mwenyewe kwenye mgongo wa kiti.

Siku ya arusi, bibi arusi alipoinuka kucheza, Aurore akainama, akasoma kitambaa kwa sauti, tena kwa ukali uleule wa Védastine. Wageni wakavunjika mbavu. Mshono, hakuna aliyeuangalia.

"Maman, unifundishe hii," Aurore akasema.

"Hii habafundishake muntu," Védastine akakataa.

Akavuta ncha ya kitambaa inyooke, ingawa ilikuwa imenyooka. Wivu ulimchoma. Maneno ni yake, na yule mwanamke ameyasema vizuri kuliko yeye.