Nilimpa designer gomesi ya hariri ya marehemu mama, nikakuta marekani kwenye sanamu

Wakuu, habari za jioni? Haya yamenitokea mwenyewe hapa Kampala, sijaongeza chumvi.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Alituachia gomesi moja ya hariri, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda, rangi ya zambarau.

Mdogo wangu Zaituni alipopata mchumba, akataka ishonwe upya iwe gauni lake la harusi. Tena alitaka haute couture, zile nguo zinazoshonwa kwa mkono, kwa mwili wa mtu mmoja tu.

Akampata designer huku Kisugu, anaitwa Ronnie. Gomesi nilimkabidhi mimi. Moyo ulikataa.

Nauza vitambaa Nakivubo, nimezungukwa na mafundi. Kazi ikiwepo, cherehani zinapiga kelele. Kwa Ronnie kila nikipita ni kimya. Fundi gani huyu?

Nikiulizia gomesi, ananijibu, "Ipo, nyabo," yaani bibie. Ipo wapi? Chumba kimefungwa!

Wiki iliyopita nikaenda bila kupiga simu, nikakuta mlango wazi. Kwenye sanamu ya nguo limesimama gauni la Zaituni, umbo lake kabisa, lakini la marekani nyeupe. Pamba ya bei ndogo, kitambaa tunachozikia watu!

"Mwizi! Hariri ya mama umeuza!"

Ronnie alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa taratibu.

"Nyabo, utanimezesha pini. Hilo ni la majaribio. Nakosea kwenye marekani kwanza. Hariri ya mama yenu nikiiharibu, nitanunua nyingine duka gani?"

Akafungua kabati. Gomesi ilikuwepo, nzima, imekunjwa ndani ya shuka safi.

Akanipa gauni la mteja mwingine nilitazame. Nikaligeuza. Wakuu, mishono ya mkono mitupu, midogo kama punje za ulezi, na ndani pazuri kama nje. Ndiyo maana hakukuwa na kelele.

"Leo nataka kukata," akasema. "Nikate?"

Ingekuwa imeibwa, ningekuwa na mtu wa kumlaumu. Sasa ilibidi mimi mwenyewe niseme ikatwe.

"Kata. Ila sitoki hapa."

"Kaa. Lakini usipige kelele tena, mkono utacheza."

Akakata. Sikufumba macho. Mabaki nilibeba yote kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, hata ya ukubwa wa ukucha.

Nilichojifunza: muulize fundi anavyofanya kazi kabla hujamwita mwizi. Lakini kitu cha marehemu, simama karibu nacho.

Nyie nguo za wazazi wenu mlizikata, au bado zipo sandukuni?