Mashine Ilikuwa Sawa

Juzi nilikwenda kujiandikisha kupiga kura hapa Lodwar, na mashine ya alama za vidole ikanikataa mara tatu. Karani akaniambia kwa upole, "Jaribu tena, mzee."

Nikafoka. "Mnatuletea mashine mbovu kwa sababu sisi ni watu wa Turkana!" Foleni ikaniunga mkono, nami nikavimba kichwa. Safu yangu ya leo gazetini nilikuwa nimeshaitunga palepale, na karani ndiye aliyekuwa mbaya wangu.

Mama aliyekuwa nyuma yangu, msusi wa vikapu, akanishika mkono. Akakinusa kidole changu, akakifuta kwa ncha ya shuka yake.

"Mashine iko sawa, baba," akasema. "Ni wewe iko na mafuta."

Kweli, nilikuwa nimekula mandazi kwenye foleni. Mara hii mashine ikanikubali.

Yeye ikamkataa mara mbili. Hakumfokea mtu. Akacheka, "Hii vidole yangu, kazi imekula," akaweka kidole gumba, kikasomeka.

Nilimwomba karani radhi. Na wewe mama, asante sana. Tangu siku hiyo najiuliza nimewafokea watu wangapi kwa mandazi niliyokula mwenyewe.