Mtoto wa Tatu

Nilitoka Dodoma kwa sababu ya ujumbe mmoja wa simu. Kaka yangu Juma, mkulima wa alizeti kule kwetu Ulemo, huandika bila nukta wala herufi kubwa, na asubuhi hiyo aliandika hivi: "mtoto wa tatu njiti hali si nzuri njoo". Basi, hakuna zaidi. Nikampigia, simu imezimwa, maana kwake umeme ni wa jua na chaji ni bahati. Nikaketi kitandani nikalia, kwa sababu nilijua mara moja ni nani.

Kaka ana mabinti wawili na kati yao mvulana. Mkubwa ni Rehema, amesoma hadi chuo, anafanya kazi ofisini Ikungi. Mdogo ni Tatu, jina la kuzaliwa wa tatu, aliacha shule darasa la tano na kuolewa hapo hapo Ulemo. Wote wawili walikuwa wajawazito mwaka huu, na habari ya kujifungua kwa yeyote ilikuwa haijanifikia. Na Tatu alikwisha kumzika mmoja, kitoto kichanga ambacho hakikumaliza wiki. Ukoo mzima ulisema ndiyo matokeo ya kutosoma. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na katika kila kikao cha wazazi huwa nasema msomesheni binti mkitaka wajukuu wazima. Sasa njiti, mtoto aliyezaliwa miezi haijatimia, mwembamba kama njiti ya kiberiti, kwa nani mwingine kama si kwa Tatu? Nikampigia Rehema anisaidie kulia, hakupokea. Nikasema yuko kazini, watu wa ofisi hao.

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo sikuwa na wa kumwomba ruhusa. Nilifungasha kofia za sufu, soksi, blanketi mbili, na njia nzima kutoka Dodoma hadi Manyoni nikawa napanga maneno ya kumwambia Tatu. Usimwogeshe. Usimpe maji. Mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, usimwache mama mkwe amfunge mgongoni. Abiria wa pembeni yangu, mama mmoja mwenye kikapu cha vitunguu, aliniuliza kama nasali.

Ikungi basi lilisimama kushusha watu. Kulikuwa na gulio, kuku wanauzwa hadi kwenye ngazi za basi. Nilitazama upande wa nyumba ya Rehema nikajiuliza kama nishuke nimsalimie. Nikasema hapana, mzima atangoja, kwanza mgonjwa. Singida mjini vilevile nilibadilisha gari bila hata kunywa chai, upepo wa kipupwe unanipeperusha khanga, na mawe yale makubwa ya mjini sikuyaangalia.

Ulemo nilifika jua likiwa linaelekea kupoa. Nyumba ya kaka ilikuwa imefungwa. Nikaenda moja kwa moja kwa Tatu, na kabla sijaona mtu nilianza kulia tena tangu kwenye uzio. Nikamkuta uani anapepeta alizeti, amefunga kitu mgongoni.

"Shikamoo, shangazi," akasema, ungo mkononi, ananishangaa.

Hata kuitikia sikuitikia. Nikamwuliza mtoto yuko wapi. Akageuka akanionyesha mgongo. Nikafunua khanga, na jamani, kulikuwa na kitoto cha kike, mashavu mawili kama maandazi, kinalala na mdomo wazi. Nikamshika mguu, umejaa. Nikamshika wa pili. Nikauliza njiti yuko wapi.

"Njiti gani?"

"Si wako? Baba yako kaniandikia!"

Nikampa simu. Tatu alisoma polepole kwa kidole, kisha akainua uso, na hakucheka, ingawa mwingine angecheka.

"Shangazi, hapa 'tatu' si jina. Huyu ni mtoto wa tatu wa dada Rehema. Baba ameondoka jana kwenda huko hospitali Singida. Mimi nilidhani wewe unatokea huko."

Nilikaa chini kwenye gunia la alizeti. Rehema! Rehema mwenye watoto wawili tayari, aliyeanza kliniki kabla tumbo halijaonekana, anayekula kwa kupanga, ambaye mumewe anaosha hata vyombo. Na nilipita mlangoni kwake. Nilipita Ikungi, nikapita Singida yenyewe, na kofia za mtoto ziko mapajani. Nikamtazama Tatu na binti yake mnene, na nakuambia kweli, msomaji, nilijisikia kama mtu aliyeambiwa mbili na mbili si nne. Furaha ilikuwepo, hofu ilikuwepo, na hasira ilikuwepo ambayo sikujua ni ya nani.

Asubuhi yake tuliondoka wote. Sikumwomba Tatu aje, mwenyewe aliniambia dada yake anahitaji mtu wa kupokezana naye kumbeba kifuani. Nikamwuliza hayo ya kifuani kayajulia wapi. Akasema kliniki wanafundisha, na yeye masikio anayo. Mama mkwe wake alitusindikiza hadi barabarani na kuku mmoja wa Rehema. Huyo mama mkwe niliyekuwa nimempangia maneno ndiye aliyekuwa ameteka maji ya kuoga ya Tatu tangu alipojifungua. Nikapokea kuku.

Njiani nilimwuliza habari ya mtoto wake wa kwanza, maana katika ukoo wetu habari hiyo husemwa Tatu akiwa hayupo. Alijibu kwa kifupi, anatazama dirishani, kwamba alizaliwa mkubwa tu na analia vizuri, halafu akaanza kuhema vibaya. Nikataka kuuliza zaidi. Akamtoa mtoto akaanza kumnyonyesha, nikaelewa kwamba mazungumzo yamefungwa.

Hospitalini, Singida, tulimkuta kaka amejilaza kwenye benchi la nje. Aliniuliza mbona nimechelewa. Nilimwambia tutazungumza siku nyingine habari ya nukta. Ndani, Rehema alikuwa amekaa kitandani, uso umevimba kwa uchungu na kukosa usingizi, na kifuani chini ya khanga kulikuwa na mwanamume mdogo kuliko chupa ya soda. Uchungu ulimwanza akiwa ofisini. Mumewe akapata gari, akampigia mtu anayemjua hospitali, wakapokelewa kabla hata hawajashuka. Basi hapo kichwa changu kikachanganyika zaidi. Elimu haikumzuia mtoto kuwa njiti, lakini mtoto njiti alikuwa hai. Na yule mkubwa wa Tatu aliyelia vizuri yuko kaburini Ulemo.

Mchana Rehema alishindwa kukaa tena. Tatu akanipa binti yake, akafungua kifua, akampokea kitoto. Alipokuwa anamweka sawa alisita. Akamtazama muda. Mimi nilitazama pia, sikuona kitu, niliona mtoto mdogo tu.

Muuguzi alikuwa anapita kati ya vitanda. Si mtu mbaya yule, nataka nimtendee haki. Wodi nzima ilikuwa mikononi mwake na miguu ilikuwa inamwuma waziwazi. Tatu akamwita. Tatu akiogopa, Kiswahili chake huingiwa na Kinyiramba, lugha ya kwetu, katikati, na sauti hushuka. Akamwuliza mbona kifua cha mtoto kinabonyea anapohema. Muuguzi akasema, "Subiri mama, nitakuja," hata hakugeuza shingo. Tatu akangoja. Akauliza tena. Akaambiwa hao watoto wadogo ndivyo walivyo, atulie. Akatulia, lakini niliona machozi.

Ndipo akamwamsha dada yake. Akamnong'oneza. Rehema akanyanyuka kwa kiwiko na kusema, kwa sauti yake ile ya ofisini, "Samahani sista, kifua cha mtoto kinabonyea anapohema. Naomba daktari amwone sasa hivi."

Neno ni lile lile. Nakula kiapo, neno ni lile lile. Muuguzi akageuka, akaja, akainama, na uso wake ukabadilika. Akamchukua mtoto mbio. Daktari akaja, hewa ya mashine ikaletwa, sisi tukasukumwa nje.

Tukarudi kwenye benchi la nje. Kaka alikuwa anasali. Mimi nilikuwa na mtoto wa Tatu mikononi na sikujua nimshukuru nani. Tulikaa hadi muuguzi akatoka na kusema mtoto anapumua vizuri sasa, na kwamba tumewahi, tungechelewa kidogo yangekuwa mengine. Alimwambia Rehema kupitia kwetu, "Mwambieni dada yenu amefanya vizuri kuuliza." Kaka akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nikamgeukia Tatu nikitaka kumkumbatia, nikamwambia yeye ndiye aliyeona.

"Hata wa kwangu nilimwona," akasema. "Kifua kilikuwa kinabonyea hivyo hivyo. Niliuliza, shangazi. Waliniambia nitulie."

Siku ya kurudi Dodoma, mtoto wa Rehema alikuwa ameanza kunyonya kidogo. Daktari hakuahidi kitu, lakini hakukataza tumpe jina. Tatu alikuwa anabaki Singida kupokezana na dada yake. Alinisindikiza hadi stendi, binti yake mgongoni, na katika kungoja basi nikaanza yale yangu, maana mwalimu hawezi kunyamaza. Nikasema, haya basi, huyu binti usimwache aishie darasa la tano, kuuliza si ujinga lakini shule inasaidia. Nilisema nikiwa sina hakika ya ninachosema. Miaka yote nimewaambia watu binti asome ili ajue. Tatu alijua. Nilikuwa natafuta neno la kuweka mahali pa hilo la 'ajue', sikulipata.

Tatu alimpandisha mtoto mgongoni, akaikaza khanga.

"Atasoma, shangazi, hata bila wewe kuniambia," akasema. "Ila mimi simsomeshi ili ajue. Namsomesha ili akiuliza ajibiwe."

Miaka mingi nimetaka kulisikia kwa Tatu neno hilo, kwamba mtoto wake atasoma. Nilipanda basi nikiwa nimelisikia, nikakaa dirishani, na nikalia hadi Ikungi.