Mama Gundi na Spika ya Shemeji

Mlangoni pa karakana yake hakuna kibao. Watu wanamjua tu kama Mama Gundi, kwa sababu ukimpa mkono asubuhi, vidole vyake vitanata kidogo kwenye vyako kabla ya kuachia. Kazi yake ni kufufua spika. Za nyumba za ibada, za shule, za kumbi za harusi, za watu wanaopenda kuwanyima majirani usingizi, zote huletwa kwake zikikoroma, zikikohoa, au zimekata kauli kabisa. Huilaza spika chali mezani, huweka vidole vya mikono miwili kwenye ile karatasi yake ya duara, huisukuma chini taratibu huku ameinamisha sikio. Ikishuka kimya, ndani ni nzima. Ikikwaruza, kuna kitu kimeungua. Hapo hata umwite kula, haji, mpaka ajue imeumia wapi.

Ukuta mmoja tu unaitenganisha karakana hiyo na duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe ni mumewe. Mdogo wake huyo kinyozi, yaani shemeji yake Mama Gundi, ni mchomeleaji wa mageti na madirisha. Wanamwita Cheche, kwani hana shati lisilo na vitundu vya moto. Cheche anapiga gitaa. Yeye na wenzake wawili, mmoja wa besi na mmoja wa ngoma, wana bendi ya roki ambayo ilikuwa haijawahi kupiga mahali popote isipokuwa humo humo karakanani, Jumapili alasiri, spika za wateja zikiwa zimefunikwa shuka kama wagonjwa wodini.

Mazoezi yakiisha, kinyozi huja na kiti chake, na ubishi unaanza.

"Nakwambia hivi, kaka," Cheche husema huku akifuta nyuzi za gitaa, "muziki wote mzito unaousikia leo, mama yake ni Black Sabbath. Watu wa mji wa viwanda wale. Mpiga gitaa wao alikatwa ncha za vidole na mashine kazini, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akaendelea kupiga. Mtu kama huyo utamlinganisha na nani?"

"Na The Stooges," kinyozi hujibu bila hata kufikiri. "Hiyo Sabbath yenu inatembea kama mtu aliyebeba kabati ngazini. Stooges walikuja na noti chache na hasira nyingi, basi. Ramones wakapokea hapo, wakakimbia nayo. Panki hiyo! Wimbo unaanza na kwisha, mteja wangu hajanyolewa hata upande mmoja."

"Unapenda panki kwa sababu unanyoa watu mbio mbio."

"Na wewe unapenda metali kwa sababu unashinda unagonga vyuma."

"Na Motörhead je? Hao ni wetu."

"Wenu tangu lini? Panki wote walikuwa wakiwashangilia!"

Basi hapo Motörhead huvutwa huku na huku kama blanketi kati ya ndugu wawili kitandani. Wa besi na wa ngoma hucheka mpaka wanashika mbavu. Mama Gundi hakuwa na upande. Siku moja tu aliuliza, huku akikoroga gundi yake, kwa nini watu wazima wagombane juu ya watu wasiowajua, tena wa mbali na wa zamani.

Cheche alifikiri kidogo. "Shemeji, mtu akikupa kitu kizuri, si utataka kujua na yeye alikipata kwa nani? Sisi hatugombani. Tunatafuta wa kumshukuru."

Neno hilo lilimwingia Mama Gundi, kwa sababu yeye wake wa kumshukuru alikuwa anamjua, tena alikuwa amekaa mbele yake.

Mwaka mmoja kabla, alikuwa ameteleza kwenye ngazi za ukumbi akiwa amebeba spika, akavunjika mguu vibaya. Spika haikuumia, maana aliikumbatia. Yeye ndiye aliyelala kitandani muda mrefu, mguu umewekwa vyuma, akilia zaidi kwa ajili ya wateja kuliko maumivu. Alijua wangekwenda kwingine, na mteja akishazoea njia nyingine harudi. Lakini kila siku Cheche akitoka kwenye mageti yake, badala ya kwenda kupumzika, alifungua karakana. Hakuwa na ujuzi wa spika hata wa kuombea maji. Akawa anampigia simu mgonjwa, anaishikilia simu mbele ya spika inayonguruma, na Mama Gundi kule kitandani anasikiliza, anasema, "Hiyo gundi imeachia pembeni. Izungushe. Zaidi. Hapo hapo." Hivyo ndivyo karakana ilivyobaki wazi, na hivyo ndivyo hakumpoteza hata mteja mmoja.

Alipoanza kutembea kwa mkongojo alijaribu kumshukuru. Shemeji alikuwa hashukuriki. Ukianza tu kusema, anatazama saa, anakumbuka geti fulani, anaondoka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Mama Gundi alidhani lingemfaa. Amplifaya ya Cheche, kisanduku cha mbao chenye spika moja ndani, ilikuwa na spika iliyochanika. Hakuhitaji kuifungua ili ajue. Kila Jumapili aliusikia ule mkwaruzo, ule mngurumo wa karatasi inayopigana na yenyewe, na ulimuuma kama jino. Aliwahi kumwambia, zamani, "Ilete nikutazamie." Cheche akajibu, "Iache tu, shemeji." Naye akachukulia kwamba ni ile tabia yake ya kutotaka kumsumbua mtu.

Basi Cheche akapata kazi ya mageti mji mwingine, akaiacha amplifaya karakanani. Mama Gundi akaona ndiyo nafasi. Akaifungua, na alipoikuta karatasi imechanika vibaya, akaingiwa na huruma. Mtu aliyezihangaikia spika za watu wote, na yake iko hivi! Akaing'oa karatasi ile mbovu akaitupa jalalani. Akaweka mpya, ile bora aliyokuwa ameihifadhi, akaipaka gundi kwa brashi nyembamba, akaiacha ikauke kwa wakati wake bila kuiharakisha. Hata kisanduku akakifuta kwa mafuta kikang'aa.

Cheche aliporudi, Mama Gundi alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake, anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Washa."

Cheche akawasha, akapiga. Sauti ikatoka nyororo, imenyooka, kila noti imeoga na kuchana nywele.

Akapiga tena. Kisha akasema, haraka haraka, "Asante sana, shemeji. Sana. Umenitoa aibu." Mama Gundi akalala usiku ule na moyo mweupe.

Jumapili iliyofuata Cheche alikuja na habari. Msimamizi wa ukumbi wa vijana amekubali kuwasikiliza Jumamosi. Akiwapenda, watapewa kupiga ukumbini kila mwisho wa mwezi. Ilikuwa mara ya kwanza mtu asiye ndugu yao kukubali kuwasikiliza. Wakafanya mazoezi kwa bidii, lakini nyimbo zilikuwa zimepoa kama chai iliyosahaulika. Wa ngoma alimtazama wa besi, wa besi akatazama viatu vyake. Mama Gundi akadhani ni woga.

Kinyozi akaja na kiti chake, na kwa kuwa hapendi kimya, akaanzisha.

"Leo nawamaliza wote. Tuache Sabbath, tuache na Stooges. Kabla yao kulikuwa na The Kinks. Mpiga gitaa wao alichukua wembe, akaichana spika ya amplifaya yake makusudi, ikaanza kunguruma. Mngurumo ule ndio uliozaa panki yangu na metali yako. Kataa!"

"Siwezi kukataa, lakini kuchana spika si kutunga muziki, kaka."

"Si kutunga? Mbona na wewe uliichana yako, tena kwa wembe wa dukani kwangu, ukawa unarukaruka kama uliyeokota..."

Hakumaliza. Mkono wa Cheche ulikuwa umeshamfikia gotini, lakini ulichelewa.

Mama Gundi aliweka brashi chini.

"Uliichana mwenyewe?"

"Zamani, shemeji. Kaka alikuwa hajakuoa."

"Na nilipokwambia uilete, ukasema niiache."

"Nilisema uiache."

"Nikadhani unaona haya."

"Nilikuwa naona haya kweli. Ningekwambiaje? Wewe ukiona karatasi ya spika ina mkunjo tu, chakula hakipiti."

"Na juzi, ulipoikuta nimeitengeneza?"

Cheche akajikuna kichwa. "Ulikuwa umesimama pale mlangoni na mguu wako mbovu, umefurahi vile. Ningekuwa mtu gani?" Akaongeza upesi, "Na huenda msimamizi anapenda sauti safi."

"Safi ndiyo," alisema wa ngoma, "tutafaa kutangaza sabuni."

Wa besi akamkanyaga. Mama Gundi hakucheka. Alitazama kile kisanduku kinachong'aa, akaona wazi alichofanya. Alikuwa ameshukuru kwa kumnyang'anya mtu sauti yake, wiki moja tu kabla ya siku ambayo angeihitaji. Na karatasi ya zamani ilikuwa imeshachomwa pamoja na takataka.

"Baba watoto," akamwambia kinyozi, "nenda kaniletee wembe mpya."

"Mke wangu, mimi sikukusudia..."

"Wembe."

Wembe ukaja, bado uko ndani ya karatasi yake. Mama Gundi akailaza spika chali kama kawaida, akainama, na mkono ukagoma. Maisha yake yote mkono ule ulikuwa umekwenda upande mmoja tu, wa kuunganisha. Ulikaa tu juu ya karatasi nyeusi nzima nzuri.

"Ile niliing'oa kwa huruma bila kuikagua. Ulichana wapi?" akauliza. "Kutoka katikati kwenda nje, au kwa kuzunguka?"

"Sikumbuki. Nilikuwa na hasira. Bendi yangu ya kwanza ilikuwa imenifukuza."

"Kwa nini?"

"Walisema napiga safi mno."

Hapo kicheko kikamtoka hata bila kutaka, na mkono ukalegea. Akachana. Kipande kifupi tu, upana wa ukucha. Cheche akapiga, hakuna kilichobadilika. Akaongeza urefu. Safari hii spika ikalia kama nzi aliyefungiwa chupani, na kinyozi akaziba masikio. Mama Gundi akafumba macho na kusikiliza. Karatasi ilikuwa imeelemea upande mmoja, ilihitaji mwenzake. Akaigeuza, akachana upande wa pili, huu bila kusita.

Cheche akapiga, na meza ikajibu. Mngurumo ulipita kwenye mbao, ukapanda kwenye viwiko vya Mama Gundi, misumari ikacheza ndani ya kopo. Wa ngoma akaruka kwenye kiti chake bila kuambiwa, wa besi akamfuata, na wimbo uliokuwa umepoa mchana kutwa ukachemka.

"Zima," Mama Gundi akasema.

"Shemeji, ndiyo yenyewe!"

"Najua. Zima. Ukiiacha hivi, mpasuko utatembea, na Jumamosi karatasi itakuwa vipande viwili." Akachukua brashi yake nyembamba, na kwenye ncha ya kila mchano akaweka tone la gundi na kijitambaa chepesi. "Hapa usipite," aliuambia mchano wa kwanza. "Na wewe hapa." Kisha akaipulizia ikauke.

Jumamosi, ukumbini, alikaa benchi la nyuma kabisa, nyuma ya vijana waliokuja kusikiliza, mkoba umebanwa magotini. Msimamizi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, na walipomaliza wimbo wa kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye amplifaya, akainama, akasikiliza.

"Kijana, spika yako imepasuka."

"Haijapasuka, mzee. Imechanwa. Fundi wake yule pale."

Watu wote wakageuka. Mama Gundi akatamani benchi limmeze. Mzee akamtazama, akaitazama spika, akamtazama tena.

"Na haitakatika?"

"Haikatiki," akasema Mama Gundi, akashangaa sauti yake ilivyotoka kubwa. "Nimeifunga kwenye ncha."

"Basi endeleeni," mzee akasema. Waliendelea mpaka nyimbo zikawaishia. Akawaambia waje kila mwisho wa mwezi, kwa sharti la kufunga madirisha.

Nje, watatu wale walikumbatiana na kupigana makofi ya mgongo. Kinyozi naye akakumbatiwa, ingawa hakuna aliyejua kwa kazi gani. Cheche akamjia shemeji yake, na safari hii hakutazama saa.

"Asante, shemeji."

"Usinidanganye kwa heshima tena. Iko kama ile yako?"

"Hapana. Ile yangu ilikuwa inanguruma ovyo. Hii najua itanguruma lini. Haki ya nani, ni nzuri kuliko yangu."

Mama Gundi akamtazama usoni muda mrefu, kama anavyoitazama spika, akaona hakuna kinachokwaruza.

"Na mimi asante," akasema. "Ya mwaka jana. Na leo utanisikiliza mpaka nimalize."

Akasema yote: simu iliyoshikiliwa mbele ya spika, uchovu wa mageti, wateja ambao bado wanakuja. Cheche alisimama pale, gitaa begani, macho chini, akasikiliza mpaka mwisho.

Wiki hiyo hiyo binti mmoja alifika karakanani na amplifaya mikononi. Alikuwepo ukumbini. Mama Gundi akaifungua, akaweka vidole, akasukuma. Ikashuka kimya.

"Hii ni nzima, mwanangu. Unataka nifanye nini?"

"Nataka uichane," binti akasema kwa sauti ndogo.

Kule upande wa pili wa ukuta, mashine ya kunyolea ilizimwa ghafla ili sikio lipate kusikia. Mama Gundi akavuta kiti, akakipangusa kwa kanga yake.

"Kaa hapa," akasema. "Nipigie kwanza nikusikie."